Ujumbe wa Msiba Uliogeuzwa Tangazo la Supu

Admin, jina langu lifiche. La shemeji yangu ningelianika, lakini mtanijua.

Nina miaka hamsini na tatu, nalima kabichi milimani juu ya Soni, na ni katibu wa kikundi chetu cha kufa na kuzikana. Mtu akifariki, mimi ndiye ninayetuma ujumbe. Jina langu likiingia kwenye simu huku hakuna anayeuliza. Wanaume wanachukua majembe, wanawake wanajitwisha kuni na unga, wanashuka.

Mdogo wa mke wangu ana mgahawa Soni. Alikaa semina siku mbili, akarudi anajiita mtaalamu wa masoko. Watu wenye njaa kwake sasa ni "walengwa". Akaja nyumbani.

"Shikamoo shemeji. Nataka kutuma kuponi. Mtu anaonyesha ujumbe, anapata supu nusu bei."

"Tuma kwa simu yako."

"Yangu hawafungui. Yako ndiyo pekee inayosomwa huku."

Kuponi ya kwanza ilishusha watu na kuni zao, ujumbe wenyewe hawajausoma. Bibi mmoja mjane, jirani yetu, alitua mzigo mlangoni pa mgahawa. "Nani katutoka?"

"Hakuna, bibi. Ni ofa ya supu."

"Sasa kuni hizi nizirudishe mlimani?"

"Niachie mimi, jiko linazihitaji."

Akazichukua. Mtu mzima mwenye akili zake akapikia biashara kuni za msiba, akaita hayo mafanikio. Kila siku ya gulio akarudia. Watu wakazoea: wakiona jina langu, wanafuta.

Mwezi uliopita bibi yule alifariki. Nilituma ujumbe. Kaburi tulilichimba wanaume watano, udongo umelowa, na kuni za msiba nilipasua mwenyewe. Jioni nilimfuata jirani mwingine kumuuliza kwa nini hakuja. Akashika kichwa. "Kumbe alikufa kweli? Nilidhani ni supu."

Jumapili hii baada ya ibada kikundi kinakaa. Wote wanaamini shemeji alikuwa akiichukua simu yangu kwa wizi, na wanataka kumfuta kwenye daftari. Huku kufutwa maana yake siku ukifa familia yako ichimbe yenyewe.

Hakuiba. Nilimpa kwa mkono wangu, kila gulio, kisha nikakaa meza ya pembeni nikinywa supu ya bure. Mimi, ninayesimama kila mkutano kuwakaripia wenzangu juu ya uaminifu, ninayewacheka kwa kutosoma vitabu.

Jana yule mjinga alinijia. "Shemeji, mimi sitakutaja. Wewe una heshima yako."

Nishaurini, na msinipake mafuta: nisimame Jumapili niseme, au nimwache mtu ninayemdharau akose wa kumzika kwa ajili ya heshima yangu?