Niliomba Karamu Darasani

Shule niliishia la nne, na sababu sikuwahi kumwambia mtu mpaka mwaka jana, mjukuu wangu wa kike aliposhuka kwenye basi hapa kijijini Ruanda na mabegi yake yote. Yuko chuo kikuu, mwaka wa kwanza. Nikajua hii si likizo. Kahawa ilikuwa imeiva, iliiva vizuri kweli mwaka ule, lakini hayo tuyaache.

Tukaingia shambani kuchuma. Mwishowe akasema, "Babu, sirudi."

Kumbe mwalimu wao anatoa alama kwa anayezungumza darasani, na yeye tangu aanze hajafungua mdomo. Sasa amepangiwa Alhamisi asimame aeleze habari za kupiga kura.

"Nitasema kula, babu. Watanicheka."

Sisi Wanyiha hiyo r inatusumbua; ukiikazania, unaiweka pasipo pake. Nikaona hofu yangu imemfikia mtoto.

Ndipo nikamwambia. Nilinyoosha kidole kuomba kalamu, na kwa kuogopa kukosea nikasema, "Mwalimu, naomba karamu." Mwalimu akauliza, "Ya harusi au ya kipaimara?" Darasa zima likaangua kicheko. Sikunyoosha tena. Siku niliyoitwa ubaoni nilikimbilia shambani, na ndiko niliko.

Alicheka mpaka kikapu kikamwagika.

"Cheka, mke wangu," nikamtania. "Lakini mkutano wa kijiji ulipopitisha barabara katikati ya kahawa zetu, nilikuwepo. Nilijua mpaka wa shamba wameukosea. Nikanyamaza. Na wewe unataka kukaa hivyo?"

Akarudi chuoni. Alhamisi ile sikushika jembe. Nilikaa na simu, nikijilaumu: nimemsukuma mtoto kwenye moto nilioukimbia mwenyewe. Mchana ikalia.

"Babu, nimesema kula."

"Wakacheka?"

"Sana. Mmoja akauliza, wali au ugali?"

"Ukakaa?"

"Nilitaka. Lakini nikamjibu, ukichagua kiongozi vibaya hupati hata ugali. Nikaendelea mpaka mwisho. Alhamisi ijayo nanyoosha tena. Ila bado naogopa."

"Hata mimi."

Mkutano wa kijiji uliofuata, nilinyoosha kidole. Mwenyekiti akashangaa.

"Mzee, unataka kutoka nje?"

"Hapana," nikasema. "Nataka kusema habari za ile barabara."