Nabalayo Anavuka na Ng'ombe

Ukipita barabara ya Kapseret asubuhi ya Jumanne, utamwona Nabalayo anavuta ng'ombe na kamba, na nyuma yake bwana yake, Wabuge, ameshika mkia. Watu wa magari wanacheka. Wacheke. Mimi nauza mahindi ya kuchemsha hapo kando, na niliona vile ilianza.

Wabuge alishikwa na stroke mwaka jana, upande wa kushoto ukalala. Daktari akasema kila Jumanne aende kliniki afanyishwe mazoezi, akizoea kukosa, huo mguu utakauka hivyo. Hiyo kliniki unaiona ukiwa kwa mlango yao. Lakini katikati iko barabara. Zebra, ile mistari ya kuvukia, ilipakwa rangi siku mkubwa fulani anakuja kututembelea, mvua ikaiosha. Hata ikiwa mpya, dereva wa hapa akiona hiyo mistari anafikiri imepakwa kwa ajili yake, anaongeza mwendo.

Basi wanaingia hatua tano, honi. Wanarudi. Wanaingia tena, pikipiki ya boda inapita karibu ikanyage vidole vyao. Jumanne mbili wakakosa kliniki. Nabalayo akawa hatulii. Anakuja kwangu, anakaa, anasimama, anaangalia barabara, anakaa tena, mpaka nikamwambia aache kunizungukia kama kuku inatafuta mahali pa kutaga.

Halafu siku moja ng'ombe yao ikakata kamba ikaingia barabara. Lori mbili zikasimama kabisa. Gari kubwa nyeusi nayo ikasimama, ikangoja ng'ombe imalize kuangalia huku na huku. Si ati ni huruma. Mtu ukimgonga hapa utasema aliruka mwenyewe. Ng'ombe inakuvunjia gari mbele yote, na wenyewe wanakuja ukoo mzima.

Nabalayo aliangalia hiyo kitu, akaenda nyumbani bila kuniaga. Jumanne iliyofuata wakavuka, mkia mkononi.

Wiki ya nne akatokea askari wa kaunti, Kiplimo, viatu zinang'aa. Akasema mifugo hairuhusiwi barabarani ndani ya town, akashika kamba. Nilidhani Nabalayo atalia. Hakulia.

"Chukua," akamwambia. "Lakini kwanza vusha huyu mzee."

Kiplimo akasema hiyo ni kazi ndogo, mama. Akafunga ng'ombe kwa mti, akaingia barabara na mkono juu. Gari ya kwanza ikapita karibu naye, upepo ukachukua kofia. Ya pili dereva akatoa kichwa akatukana mama yake. Ya tatu Kiplimo hakuingoja. Aliruka akatua ndani ya mtaro na hiyo uniform yake yote.

Alipotoka, matope mpaka kwa magoti, akaanza kuuliza watu kama wameona namba ya gari. Saa nayo inaenda. Nabalayo anakanyaga huku na kule, mimi nimesahau hata sufuria.

Wabuge ndiye alisema, na hiyo mdomo yake imepinda, pole pole: "Kijana, rudisha kamba. Foleni ya mazoezi wanafunga saa nne."

Akarudisha. Wakavuka, lori zimepanga laini. Kiplimo naye akavuka pamoja nao, na usidhani alikuwa mbele. Alijificha nyuma ya tumbo ya ng'ombe, upande ule magari hayatoki.

Wabuge akaingia kliniki kabla wafunge. Kiplimo akajipangusa, akatangaza ati leo amewasamehe.

Nani alimwomba?