Kinu Kilichonifundisha Mashini

Katika miaka ya hamsini nilikuwa plantoni kwenye ofisi ya reli, Élisabethville, Lubumbashi ya leo. Plantoni hubeba mafaili kutoka meza hii hadi ile, kisha husimama mlangoni akingoja kuitwa. Kila nilipopita chumba cha makarani na kusikia mashini za kuandikia zikilia, vidole viliniwasha. Siku ilipotangazwa nafasi moja ya karani wa mashini, niliandikisha jina langu asubuhi ileile. Mtihani ulikuwa ukurasa mmoja wa barua ya Kifaransa, kwa robo saa. Kama ningeanguka, ningerudi kwenye mafaili, na sikujua kwa miaka mingapi.

Nyumbani sikuwa na mashini. Nilichukua ubao wa sanduku la sabuni, nikachora juu yake vibonye vyote kwa makaa, kila kimoja mahali pake. Niliuchapa ubao huo alfajiri, jioni, hata Jumapili baada ya misa. Kwa miezi mitatu mke wangu alikula bukari, ugali wetu, akiutazama mgongo wangu.

Ijumaa, siku nane kabla ya mtihani, karani mmoja mzee aliniachia mashini yake saa ya chakula. Nilianza kwa mbio, nikajiona bingwa. Mwisho wa mstari kengele ndogo ililia. Ubao wangu haukuwa na kengele. Niliendelea kuchapa, na herufi zote zikarundikana juu ya herufi moja hadi karatasi ikatoboka. Nilikuwa nimesahau kwamba kengele inapolia, mkono wa kushoto lazima usukume wenzo, ili karatasi irudi mwanzo.

Karani mzee alicheka mpaka akavua miwani. "Mutoto yangu, mikono yako inakimbia sana, lakini njia haijue."

Jumapili nilikuwa naingia ndani na ubao wangu, mke wangu akanizuia mlangoni. Alikuwa na kinu uani, anataka kutwanga sombe, yale majani ya muhogo.

"Leo hautaingia mu nyumba na ubao yako. Utaikala hapa, pembeni yangu."

"Kinu iko na kelele, mama."

"Kelele njo itakusaidia. Miye natwanga saa muzima, sichoke. Weye dakika kumi tu, shati imeloa. Juu ya nini? Unakimbiza vidole. Kinu haikimbizwe. Unapiga, unaacha muti ya kutwangia inapanda, halafu unapiga tena."

Nilikaa kwa sababu nilikuwa nimechoka kubishana. Akatwanga, nami nikachapa. Hebu nieleze vizuri, maana hapa ndipo siri ilipokuwa. Kila mchi ulipotua, nilichapa herufi nne, bila kuzidisha wala kupunguza. Mabega yakalegea. Vidole vikaanza kupata vibonye vyenyewe. Halafu, kama wanawake wetu wafanyavyo, akaugonga ukingo wa kinu kwa mchi, ko, ili majani yaliyoganda yadondoke.

Nikaruka kutoka kwenye kigoda. "Rudia."

"Nirudie nini?"

"Ule ukingo. Iko kengele."

Alielewa upesi kuliko mimi. Tangu hapo, baada ya kila mapigo kumi na tano aligonga ukingo, nami nikasukuma wenzo wa hewani kwa mkono wa kushoto. Jirani yetu alisikia, akaja na mchi wake, wakatwanga kwa kupokezana.

"Shemeji, hii iko mashini ama ngoma?" akauliza.

"Iko mashini."

"Basi andikia bwana yangu barua. Umuambie arudie mapema ku nyumba, na yeye."

Walicheka, nami nikacheka nao bila kukosa herufi. Wiki nzima tulifanya hivyo kila jioni kabla ya chakula. Mtaa wetu, ule tunaouita Kenya leo, haujawahi kula sombe laini namna ile.

Jumamosi ya mtihani tuliketi watu watano mbele ya mashini. Wenzangu waliondoka kama risasi. Mimi nilisubiri kidogo, mpaka nikausikia mchi kichwani, kisha nikaanza: nne, nne, nne. Kengele ilipolia, mkono wa kushoto ulikwenda wenyewe. Moyo ulinidunda kwa furaha, lakini vidole havikuufuata. Nilimaliza ukurasa wangu safi wakati wawili kati yao bado walikuwa wanafuta makosa.

Karani mzee, aliyesimamia mtihani, aliinua karatasi yangu kwenye mwanga wa dirisha, akaitazama mbele na nyuma.

"Nani alikufundisha?"

"Muke yangu."

"Iko na mashini?"

"Hapana, mukubwa. Iko na kinu."

Nafasi nilipewa adhuhuri ileile. Nilitoka mbio, nikapita bomba la moshi la kiwanda cha shaba bila kulitazama, nikafika nyumbani nikihema. Mke wangu alikuwa anapakua.

"Nimeshika kazi," nikamwambia.

Alitabasamu mpaka macho yakafumbika. Kisha akanyoosha mkono. "Basi leta ile ubao. Kinu yangu haina kifuniko."