Sufuria Zilizooshwa Mapema

Wasomaji wangu wa siku nyingi mtamkumbuka yule daktari niliyewahi kumtania hapa, yule asiyeonja mboga ya mtu kabla hajauliza imechumwa wapi. Amefariki. Habari zilinikuta Mugumu mjini, nikinyolewa, na kinyozi wangu, ambaye mdomo wake hauna breki, akamalizia palepale: "Wanasema ni chakula cha mke wake." Nilitoka na ndevu nusu, nikatafuta gari la kwenda kwake Nyansurura nikiwa na hasira ambayo mpaka leo haijaniisha.

Marehemu ndiye aliyekuwa akiitwa huku kwetu mtu akifa ghafla na ndugu wakaanza kutazamana vibaya. Alipasua maiti, akachukua kipande cha ini, mkojo na kilichomo tumboni, akavisafirisha kwenye barafu hadi maabara ya mbali. Ajabu ni kwamba ugomvi wake mkubwa haukuwa na wauaji, ulikuwa na usafi wetu. Mtu akikata roho, hata kilio hakijafika kwa jirani, wanawake wameshafagia matapishi, wamemwaga makombo na kusugua sufuria kwa majivu, maana ni aibu waombolezaji kukuta nyumba chafu. Alichokihitaji kimekwenda na maji. Dawa ya kuogeshea ng'ombe, aliniambia, maabara huikamata upesi. Sumu ya mmea ni ngumu zaidi; lazima uwaeleze watafute nini, na usipokuwa na jani wala mbegu ya kuwaonyesha, mnapapasa tu.

Niliwahi kufuatana naye Kemambo. Mwanamume wa makamo alikuwa amekufa baada ya kuweweseka mchana kutwa, mdomo mkavu, mboni za macho zimepanuka, mikono ikidaka hewani vitu ambavyo hakuna mwingine aliyeviona. Iritongo, yaani baraza la ukoo, lilikuwa limeshakaa, na mke mdogo wa marehemu ameketishwa chini katikati ya watu. Daktari aliwaamkia wazee shikamoo, kisha akamwinamia yule mama na kumtazama machoni.

"Mama, ulipika mboga gani?"

"Mchicha, daktari. Ule unaota kwenye zizi la zamani. Na mimi nilikula, mpaka sasa naona ukungu."

Kwenye mbolea ya zizi lililohamwa, mchicha huota bega kwa bega na gugu la sumu lenye maua meupe marefu na tunda la miiba. Likiwa changa, ukichuma jioni kwa haraka, hutalitofautisha na mchicha.

"Sufuria iko wapi?"

"Nimeosha. Watu wa msiba wangekuta uchafu, wangesema mimi ni mwanamke wa namna gani?"

Daktari akasimama, akawaambia wazee kwamba mboni za mama huyu nazo zimepanuka, kwamba amekula sumu ileile na hakumuua mtu. "Hayo ni macho ya kulia, daktari," mzee mmoja alimjibu kwa upole. "Na kama hana neno, aliosha sufuria ya nini?" Yule mwanamume alikuwa ametapishwa na kunyweshwa maziwa kabla hajafa, na kidogo kilichopatikana kiliharibika kwa joto la njiani. Majibu ya maabara yakasema hakuna sumu iliyoonekana. Ukoo ukayaelewa hivi: mwanamke huyu anajua sumu isiyoonekana. Akafukuzwa, watoto wakabaki, kwa kuwa ng'ombe wa mahari walishatolewa. Baadaye daktari alimkuta Sirari akiuza kabichi. Yule mama hakumlaumu kwa lolote, alimuuliza tu kama amewaona wanawe. Rafiki yangu alinisimulia hayo huku akilia.

Nilipofika Nyansurura nilipita waombolezaji, nikaenda moja kwa moja nyuma ya nyumba. Kwenye kichanja sufuria zilikuwa zimepangwa, zinang'aa. Mjane alinifuata.

"Shemeji, mimi niliwakataza," alisema. "Mawifi walikuja kunisaidia, nikawaambia msiguse vyombo. Wakasema nimechanganyikiwa, wakaosha. Sasa ni haohao wanasema nimeua."

"Na kupasuliwa?"

"Nilisema apasuliwe. Wakaniuliza, na nani?"

Nadhani ilikuwa presha. Dawa zake bado zilikuwa dirishani. Lakini kudhani kwangu hakumsaidii mtu, naye ndiye aliyenifundisha hivyo. Tulimzika jioni ileile, bila kupasuliwa, na ukweli wake tukaufukia pamoja naye. Nimekuwa nikidhani kwamba tunachokosa ni elimu. Nyumba ile ilikuwa na elimu yote inayohitajika, na haikumfaa mwenyewe hata kwa mchana mmoja.

Kama mnataka fundisho, ni hili alilolirudia mpaka watu wakamchoka: mtu akifa ghafla, acheni vyombo vichafu, waombolezaji waseme watakavyo. Ukoo unamkalia kikao mjane karibuni. Nitakwenda, nitayasema haya yote, na wazee watanijibu kwa upole.