Kitabu Kilichonishinda Kukitolea Maoni

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa riwaya ya upelelezi iliyochanika kurasa za mwisho. Ilikuwa mwaka wa pili baada ya Mapinduzi, nami nilikuwa ndiyo kwanza nimeacha kusomesha. Ofisi yenyewe, ya serikali, ilikuwa mtaa wa Malindi karibu na bandari, ghorofa ya pili, juu ya ghala la mizigo. Ukifungua dirisha unasikia makuli wakiitana na unanusa karafuu. Bwana Mkuu wa wakati ule, mtu mzima mwenye miwani iliyofungwa uzi sikioni, alinionesha kiti, akanitaka nisome mpaka adhuhuri kisha nimpe maoni yangu.

Nilisoma. Tajiri mmoja kauawa nyumbani kwake, na mpelelezi kawakusanya watu wote sebuleni. Anapofungua mdomo tu amtaje muuaji, kitabu kikakatika. Nilikipindua na kukipindua, nikatazama mpaka chini ya meza. Mwisho nikaandika ukurasa mzima kuthibitisha kuwa muuaji ni mtunza bustani, kwa sababu alikuwa na adabu kupita kiasi.

Bwana Mkuu aliisoma karatasi yangu taratibu, akaiweka.

"Bi Salma, sikukuuliza nani kaua. Nimekuuliza kama watu wakisome au wasikisome."

Hilo nililielewa siku ile ya kwanza, kwamba kusoma nnajua, lakini kazi siijui.

Nyinyi vijana huenda hamjui kuwa kazi kama hiyo ilikuwapo. Kila kitabu kigeni kilichoshushwa bandarini, nakala moja ililetwa kwetu kabla ya kwenda madukani. Na mtu wa hapa akitaka kuchapisha chake, huuleta muswada, yaani maandishi yake ya mkono, tuusome kwanza. Tulikuwa wasomaji watatu. Tulisoma kila kitabu mara mbili: mara ya kwanza mikono mitupu, kama msomaji yeyote, na mara ya pili na penseli. Kisha tukijaza karatasi ya maoni. Juu kisa kwa ufupi, katikati wahusika, chini kabisa neno moja kati ya matatu: kipite, kizuiwe, au kingoje. Vilivyongoja viliwekwa kwenye mashubaka ya ukutani, na vingine vilikaa humo mpaka vikaingia mchwa.

Riwaya za upelelezi nilizizoea upesi, nikazipenda. Nakumbuka moja ya daktari aliyewaua wagonjwa wake kwa wino wa kuandikia dawa. Niliandika kwamba mwandishi anajua kutisha lakini hajui wino. Nyingine ilikuwa ya jasusi aliyevuka mpaka ndani ya jeneza, na kwa kurasa arubaini hakupiga chafya wala hakusikia njaa. Niliandika: kipite, lakini msomaji asiamini. Bwana Mkuu alicheka kwa mara ya kwanza.

Zilizonitaabisha ni riwaya za ajabu. Ilikuja moja isiyo na mtu hata mmoja, nyumba tu, chumba baada ya chumba, na kila chumba kinaelezwa viti vyake. Ilikuja nyingine ambayo mtu anaanza mzee na kila sura inamrudisha nyuma, mpaka unafika mwisho yuko mikononi mwa mamake, nawe hujui umsikitikie au umfurahie. Nikizisoma nikitoka nje nahisi hata sokoni Darajani si Darajani ninayoijua. Karatasi za maoni nilizijaza kwa maneno makubwa makubwa. Nikiandika "kitabu hiki kinaonesha hali ya binadamu," na sikuwa nimefahamu kitu. Nakiri kwenu leo: karatasi nyingi nilizoandika juu ya vitabu hivyo zilikuwa za mtu anayeona haya kusema hajui.

Bwana Mkuu wa kwanza alistaafu baada ya miaka mitatu. Wa pili alikuwa kijana kuliko yeye, msafi wa nguo, mpole wa sauti, na akiamini kwamba kila hadithi ina mtu wake wa kweli aliyefichwa ndani. Kazi ya msomaji, alitwambia, ni kumtoa mtu huyo nje.

Wakati wake ndipo ulipokuja muswada wa Mwalimu Haji.

Mwalimu Haji alikuwa akisomesha hesabu skuli ya Chwaka. Aliuleta mwenyewe, madaftari sita ya skuli yaliyofungwa kwa kamba ya mnazi, akanikabidhi mimi mlangoni, akaomba radhi kwa mwandiko wake. Kisa chake kilikuwa hiki. Mtu anarudi kijijini kwake kutoka mazikoni. Njiani kila anayekutana naye anamwamkia kwa jina la mtu mwingine. Anakataa, wanamcheka. Anafika nyumbani, mkewe naye anamwita kwa jina lile lile. Anaanza kumtafuta huyo mwenye jina. Kufika daftari la nne, hadithi inaanza upya, na anayesimulia sasa ni yule anayetafutwa, naye pia anatoka mazikoni. Haikuwa na mwisho.

Niliisoma mikono mitupu, nikalia pahala pawili. Niliisoma na penseli, nikalia pale pale. Sikujua nalilia nini.

Kabla sijaandika kitu, ikaja barua kutoka Chwaka. Katibu wa kamati ya skuli alikuwa amesikia habari za muswada, akasema huyo mtu asiyejulikana jina ni yeye, kwamba Mwalimu anamkejeli kwa sababu kuna watu wanasema hakuzaliwa Chwaka. Alitaka Mwalimu aondolewe skuli. Bwana Mkuu aliniita akanisomea barua ile, kisha akasema kuwa maoni yangu ndiyo yatakayoamua. Nikithibitisha kuwa ni Katibu, Mwalimu hana kazi.

Nilimwomba niende Chwaka nikamuulize mwandishi mwenyewe, akakubali. Nilimkuta Mwalimu Haji darasani, anafuta ubao. Hakuwa na hofu, au kama alikuwa nayo aliificha. Tulikaa kwenye madawati ya watoto, nikamuuliza kama mtu yule ni Katibu.

"Katibu simjui hivyo, Bi Salma," alisema. "Mtu yule mie nimemwandika miaka miwili na bado sijui nani. Ningelimjua nisingeliandika."

Nilimwambia jibu hilo halitomsaidia. Akasema anajua, lakini jingine hana. Alinieleza kuwa yote yalianza siku aliyomzika kakake, akarudi nyumbani, akanawa uso, na kwa muda mfupi hakukumbuka yeye ndiye yupi kati yao wawili. Zaidi ya hapo, alisema, haelewi kama nisivyoelewa mimi.

Nilirudi mjini nimevurugika kuliko nilivyokwenda. Naibu wa Bwana Mkuu, ambaye hakuwa mtu mbaya, alinishauri niandike tu kuwa ni Katibu, jambo liishe, kwani nami nina watoto wa kulea na mwalimu wa hesabu hakosi kazi pengine. Nilikaa na karatasi ile siku mbili. Niliandika kisa. Niliandika wahusika. Mahala pa maoni niliandika neno ambalo sikuwahi kuliandika tangu nianze kazi: sikukifahamu.

Bwana Mkuu aliniita. Hakupandisha sauti.

"Miaka mitano unasoma hapa, leo unanambia hukufahamu?"

"Naam, Bwana Mkuu. Nimekisoma mara nne. Nikiandika kuwa kinamsema Katibu ntakuwa nasema uwongo, na nikiandika kuwa hakimsemi pia ntakuwa nasema uwongo. Na kuna karatasi zangu za nyuma zilitaka kuandikwa hivi hivi, nikaona haya."

Akanyoosha mkono, akayachukua madaftari.

Siku nne hakuzungumza na mtu. Tulimwona kwenye meza yake, penseli mkononi, haandiki. Siku ya tano alitoka, akaweka madaftari kwenye shubaka, akaandika chini ya karatasi yangu: kingoje. Kwa Katibu aliandika barua kwamba ofisi haikuona mtu yeyote aliyetajwa. Mwalimu Haji akabaki skuli. Mimi, mwezi uliofuata, nilihamishiwa Kiembe Samaki, kwenye chumba kidogo karibu na uwanja wa ndege, kusoma vitabu vinavyotoka mikobani mwa wasafiri. Sikuambiwa kama ni adhabu. Mpaka leo sijui. Bwana Mkuu siku ya kuniaga alinishika mkono akauliza, kama mtu anayeona haya, iwapo na mimi nililia kwenye daftari la tano. Nilimwambia la tatu na la sita. Akatikisa kichwa, akaenda zake.

Kiembe Samaki nilikaa mpaka ofisi ikapunguzwa watu, nikarudi kusomesha, na huko ndiko nilikostaafu. Nyumba ya Malindi ilipohamwa, vilivyokuwamo mashubakani vilitupwa au vilichukuliwa, hakuna anayejua. Niliuliza kila niliyemjua. Madaftari sita hayakuonekana.

Mwaka juzi nilimtembelea Mwalimu Haji. Ni mzee sana, macho hayaoni, lakini sauti ni ile ile. Nilimwamkia shikamoo, akaitika marahaba, na nilipomtajia jina akanikaribisha kwa furaha. Nilimuuliza kama ana nakala. Hakuwa nayo, aliandika mara moja tu, na kisa chenyewe amekisahau. Akaniomba nimsimulie.

Nilimsimulia mchana kutwa. Mazikoni, njiani, mkewe mlangoni, utafutaji. Alisikiliza ameinamisha kichwa. Nilipofika pale nilipolia mara ya kwanza, kwenye daftari la tatu, pale mtu anapokuta nguo zake mwenyewe zimeanikwa kwenye kamba ya nyumba asiyoijua, alininyanyulia mkono.

"Hapo mie sikuandika hivyo."

Nilimwambia nakumbuka vizuri. Akasema naye kasahau mengi, lakini nguo kwenye kamba hazikuwamo, hilo ana hakika nalo. Kama si yeye aliyeziandika, basi ni mimi niliyeziweka, na miaka yote hii nimekuwa nikilia kwa jambo lililotoka kichwani mwangu. Au kasahau yeye. Hakuna wa kutuamulia.

"Basi kiandike wewe," alinambia wakati nnaondoka.

Maisha yangu nimekuwa msomaji. Kuandika sikufunzwa, na karatasi ya maoni haimfundishi mtu. Lakini nimenunua madaftari, na asubuhi wajukuu wakenda skuli nakaa baraza ya ndani na kalamu. Sura mbili nshamaliza. Nimezisoma mikono mitupu, kisha na penseli, na sijui ni zake au zangu.