Beseni la Bi Mishi

Nilipokuwa na miaka kumi na miwili, pale kwetu Msambweni, makengeza yangu yalinipa jina: Macho Njiapanda. Aliyenibandika jina hilo ni Mwanasha, binti wa jirani, mbele ya wasichana wote wa chuo cha Kurani. Wakacheka kwa kuwa yeye kacheka.

Siku moja kaka yake, mfanyakazi wa hoteli Diani, akaja na sinema ya kutisha kwenye simu. Tuliitazama tumebanana mkekani: msichana anaonewa na wenzake mpaka anachoka, na siku hiyo kila anachokitazama kinavunjika, kinawaka. Wenzangu walifunika nyuso. Mimi, sitaficha, niliipenda.

Kesho yake Mwanasha aliponiita jina lile, nilimkazia macho bila kupepesa. Alikimbia. Jioni akashikwa na homa, na siku ya tatu akawa hali chakula wala hasemi. Zahanati walimpa dawa za malaria, lakini mtaa ulikuwa umeshaamua kwamba macho yangu ndiyo yaliyomwangusha.

Kwetu, anayedhaniwa ana jicho baya hutawadha, na maji yake humwagiwa mgonjwa. Basi mama yake Mwanasha akaja chuoni na beseni, kwa mwalimu wetu, Bi Mishi.

"Nakuomba, mwalimu, mwambie huyu atawadhe. Mwanangu ananitoka."

Nikikataa na Mwanasha akafa, nimemuua. Nikikubali, nitaitwa mchawi mpaka naingia kaburini. Na kilichonitisha zaidi, nilijua kwamba kweli nilimtakia mabaya.

Bi Mishi akapandisha mikono ya baibui, akatawadha yeye kwanza juu ya beseni lile.

"Nami nina macho," alisema. "Haya, njooni mmoja mmoja. Nani hapa hajamtazama mwenziwe vibaya?"

Tukatawadha wasichana kumi na sita, mimi katikati yao, maji yakawa meusi kama ya kufulia. "Nawe, mama Mwanasha, usibaki nyuma." Akatawadha huku analia, kisha akalibeba beseni kwenda kummwagia mwanawe.

Mwanasha alipona. Ni dawa au ni maji, sibishani na mtu. Aliporudi chuoni alikuja kuketi mkeka mmoja nami, akaniita kwa jina langu.

Makengeza ninayo hadi leo, na Bi Mishi namwombea dua kila Ijumaa. Yule msichana wa kwenye sinema, maskini, hakupata mtu wa kutawadha kabla yake.