Kitabu Nilichokifunga Katikati

Ndugu wasomaji, kwanza mnisamehe kwa mwandiko wangu, maana herufi zangu zinalala kama mtama uliopigwa na upepo, na nikikosea maneno mjue niliishia darasa la saba na naandika polepole sana. Aibu hii ninayo tangu msimu ule wanunuzi binafsi walipoanza kuja na malori yao kununua pamba hapa kwetu Sapiwi, na hata leo nikiikumbuka najifunika kanga usoni, ingawa niko peke yangu.

Mimi ni mtu wa haya. Mgeni akinisalimia naangalia vidole vyangu vya miguu. Kwa watoto wadogo tu ndiyo sioni haya, kwa hiyo kanisani wakanipa kazi ya kukaa nao. Basi mama mmoja wa mradi kutoka mjini akatuletea kitabu cha picha, kizuri jamani, kurasa zinateleza na kunukia upya, na juu ya jalada kuna bikizee mwenye macho mekundu. Kilihusu vikongwe wanaosingiziwa uchawi (ninyi wa huku kwetu mnajua mapanga yaliyokuwa yakiwapata usiku kwa macho mekundu tu, sina haja ya kuandika zaidi).

Nikaamua kuwasomea watoto jioni ileile, bila kukisoma mwenyewe kwanza. Uamuzi mdogo tu. Tulikaa nyuma ya lundo la pamba pale kituo cha kuuzia, wakubwa wakisubiri lori, jua linashuka, nyuzi nyeupe zinaelea hewani na kututulia kichwani, nikaona kama tumekaa ndani ya wingu. Nasoma silabi kwa silabi, kisha naeleza kwa Kisukuma. Bikizee ana macho mekundu. Majirani wananong'ona. Wameizunguka nyumba yake, fimbo mkononi. Mdogo wangu Masanja, ambaye hata shule alikuwa hajaanza, aliacha kutafuna muwa.

Hapo lori likapiga honi. Lilikuwa na spika juu na muziki unalia, nani angebaki? Nikafunga kitabu, nikasema tutamalizia kesho (kumbe ukurasa uliofuata ndio ulioeleza kwamba macho yale ni moshi tu!), tukakimbia wote.

Tukiwa kwenye mizani akaja Bibi, mama mzaa baba, na kibuyu chake cha maziwa. Macho yake ni mekundu, maana kuni kwetu ni za shida, anapikia miti ya pamba iliyokauka na mavi ya ng'ombe. Wajukuu wadogo wote tunalala kwake mpaka tunapokua, na Masanja ndiye aliyekuwa analala mgongoni pake. Bibi akanyoosha mkono.

"Njoo ng'wana wane, mwanangu, unywe."

Masanja akarudi nyuma akipiga kelele, "Sitaki! Ni yule mchawi! Ana macho yale!"

Na wenzake wote wakakimbilia nyuma ya magunia.

Muziki uliendelea lakini mimi sikuusikia tena. Watu wakamgeukia Bibi. Mzee mmoja jirani yetu akasema taratibu, "Mtoto mdogo hadanganyi." Bibi akabaki ameshika kibuyu, kama mtu aliyesahau alikuwa anakwenda wapi.

Sijui nilipandaje juu ya gunia. "Ni kitabu," nikasema. "Sikukimaliza."

"Sema kwa nguvu, Kabula!" akasema mpima pamba, akazimisha muziki, na macho yote yakawa kwangu. Nikafungua kitabu. "Mo... mo-shi... wa..."

"Wa kuni!" akadakia mama mmoja.

"Loo, darasa la saba ndiyo hili?"

"Mwacheni asome, Krismasi atakuwa amemaliza!"

Wakacheka, na mimi jasho linanitoka nasoma, kijiji kizima kikinimalizia maneno, hadi ukurasa wa mwisho ambapo mjukuu anapuliza moto na macho yake yanakuwa mekundu vilevile. Bibi akachungulia picha, naye akacheka.

"Aliyechora huyu hajapikia mavi ya ng'ombe," akasema. "Moto gani safi hivyo?"

Watu wakarudi kwenye pamba yao. Yule mzee alitabasamu, ila maneno yake hakuyafuta.

Usiku ule Masanja aligoma kwenda kulala kwa Bibi. Bibi hakumgombeza, alimwita tu ampulizie moto. Masanja akatoka ndani ya moshi anakohoa, akajitazama macho yake mekundu kwenye kioo changu kidogo, halafu akachukua mkeka wake akamfuata Bibi.

Nimeapa sifungui tena kitabu mbele ya mtoto kabla sijakimaliza mwenyewe. Lakini kama kitabu chenyewe kilifaa watoto wadogo vile, mpaka leo sijui. Masanja alisahau. Bibi sasa hatoki nyumbani kabla hajanawa uso na kuniuliza, "Kabula, macho yangu yakoje leo?" Nami namjibu, "Meupe, Bibi," hata yakiwa kama kaa la moto.

Ninyi mngewasomea? Niandikieni kupitia hapahapa gazetini. Nitasoma polepole, lakini safari hii hadi mwisho.